Kuwa, Kugeuka na Kugeuzwa: Namna Kiingereza Kinavyoeleza Badiliko la Kitu

Wafasiri wanapotuandikia kuomba msaada, aghalabu huuliza juu ya istilahi: jina la chombo fulani, jina la ugonjwa, au jina la cheo kipya. Ni mara chache wanauliza juu ya vitenzi vya kawaida ambavyo kila aliyepita shule hudhani anavijua. Hata hivyo, makosa mengi yenye madhara tunayoyakuta katika tafsiri hayatokani na istilahi ngumu, bali yanatokana na vitenzi hivyo vya kawaida. Katika makala haya tunakusudia kueleza kundi moja la vitenzi hivyo, yaani vile vinavyotumiwa na Kiingereza kueleza kuwa kitu kilikuwa hivi kikawa vile, na kuonyesha namna ya kuvifasiri kwa Kiswahili.

Tuanze na mfano. Tuseme kanuni za kazi zilizoandikwa kwa Kiingereza zina sentensi hii: "After six months a temporary employee becomes permanent." Mfasiri anaandika: "Baada ya miezi sita mwajiriwa wa muda atafanywa wa kudumu." Sentensi hii ni fasaha, wala haina neno gumu. Lakini maana imekwisha kupotoka. Kiingereza kinasema kuwa miezi sita ikitimia mwajiriwa huyo ni wa kudumu, bila ya mtu yeyote kutia sahihi. Kiswahili kinasema kuwa yuko mtu atakayemfanya wa kudumu. Na mtu huyo asipofanya, mwajiriwa atabaki alivyo. Atakayesoma tafsiri hiyo atakaa akingoja barua, na mwajiri wake ataweza kumwambia kuwa barua haijaandikwa. Haki ya mtu imetegemea herufi moja tu, yaani ile w ya kauli ya kutendwa. Tafsiri iliyo sawa ni hii: "Miezi sita ikitimia, mwajiriwa wa muda anakuwa wa kudumu."

Ni dhahiri basi kwamba suala hili si la wanasarufi peke yao.

Maswali matatu ya kujiuliza

Mfasiri akutanapo na sentensi ya Kiingereza inayoeleza badiliko, hana budi kujiuliza maswali matatu kabla ya kushika kalamu.

(a) Je, kitu kimebaki kilekile kikapata hali mpya, au kimekoma na mahali pake pametokea kitu kingine?

(b) Je, badiliko limetokea lenyewe, au yuko aliyelifanya?

(c) Je, sentensi inaeleza badiliko lenyewe, au inaeleza hali iliyopo baada ya badiliko kwisha?

Lugha zote mbili zinaweza kuyajibu maswali haya, lakini haziyajibu kwa njia moja. Kiingereza hutegemea zaidi uchaguzi wa kitenzi na vihusishi vinavyokifuata. Kiswahili hutegemea zaidi mnyambuliko wa kitenzi na viambishi vya wakati. Anayefasiri neno kwa neno huchukua jibu lililoko katika kihusishi cha Kiingereza na kulitafutia kihusishi cha Kiswahili, na hapo ndipo anapopotea.

Hali mpya ya kitu kilekile

Kiingereza kina vitenzi vingi vinavyoweza kutangulia sifa ili kueleza kuwa kitu kimepata hali mpya. "Become" ndicho kitenzi cha jumla, na ndicho kinachopendwa katika maandishi rasmi. "Get" kina maana hiyohiyo, ila hutumika zaidi katika mazungumzo. "Grow" hudokeza badiliko la polepole. "Go" aghalabu hutumika kwa mabadiliko mabaya, kama vile kuharibika, kupofuka na kupatwa na wazimu, na pia kwa rangi. "Come" hupatikana katika semi chache za heri, kama ndoto kutimia. "Fall" hutumika kwa ugonjwa na usingizi, na "run" hutumika kwa kitu kinachokauka au kupungua. Mwingereza hachagui vitenzi hivi kwa kufikiri. Amevizoea pamoja na sifa zake, kama sisi tulivyozoea kusema kuwa mtu ameshikwa na homa, wala hatusemi kuwa ameikamata homa.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kila kimoja cha vitenzi hivi kinahitaji kitenzi chake cha Kiswahili na sifa yake. Sivyo. Mara nyingi Kiswahili kimekwisha kuviweka vyote viwili, badiliko na sifa, ndani ya kitenzi kimoja. "Grow old" ni kuzeeka. "Get fat" ni kunenepa. "Go blind" ni kupofuka. "Fall ill" ni kuugua. "Run dry" ni kukauka. "Turn pale" ni kusawijika. "Come true" ni kutimia. Pasipo na kitenzi cha namna hiyo, Kiswahili hutumia semi zake: nywele za mtu haziwi nyeupe, bali mtu huota mvi; usiku hauwi giza, bali giza huingia; mtu hageuki miaka arobaini, bali huitimiza.

Kwa hiyo tafsiri kama "hali ya hewa iligeuka kuwa baridi" au "maziwa yalienda kuwa mabaya" hazina sababu ya kuandikwa. Tuna njia iliyo fupi na iliyo yetu: baridi iliingia, maziwa yalichacha.

Mfano ulio wazi zaidi uko katika historia yetu. Vitabu vya Kiingereza husema kuwa Tanganyika "became independent" tarehe 9 Desemba 1961, na kwamba mwaka mmoja baadaye, tarehe 9 Desemba 1962, "became a republic". Kitenzi ni kilekile mara zote mbili. Kiswahili hakikukubali usawa huo. Twasema kuwa Tanganyika ilipata uhuru, kisha ikawa jamhuri. Uhuru ni kitu kinachotafutwa na kupatikana. Jamhuri ni namna ambayo nchi huwa. Hakuna aliyeketi kuamua tofauti hii. Wasemaji wa lugha waliiona wenyewe.

Kitu kuwa kitu kingine

Kiingereza kinapotaka kueleza kuwa kitu kimeacha kuwa kilivyokuwa, kikatokea kingine, mara nyingi hutumia kihusishi "into". Maji hugeuka mvuke, kiwavi hugeuka kipepeo, mahindi husagwa yakawa unga. Katika kila sentensi ya namna hii Mwingereza anaweza kutia "into" mbele ya kitu kipya. Kihusishi hicho asili yake ni cha mahali: ni kama kwamba kitu cha kwanza kimeingia ndani ya cha pili. Kiswahili hakina picha hiyo. Kwetu sisi kitu huwa, hugeuka, hufanyika au hutokea, na jina la kitu kipya hufuata moja kwa moja. Katika hadithi zetu mtu hugeuka nyoka au hugeuka jiwe, bila ya kihusishi chochote, na mara nyingi hata bila ya "kuwa".

Yuko mtendaji, Kiswahili huunga sentensi mbili kwa ufasaha mkubwa: saga mahindi mpaka yawe unga, walisaga mahindi yakawa unga. Ni vyema wafasiri wakumbuke umbo hili, maana linaondoa haja ya kuandika "kusaga mahindi kuingia katika unga" au "kusaga mahindi kuwa katika unga", sentensi ambazo hakuna mpishi atakayezielewa. Vilevile, "cut into pieces" ni kukata vipande vipande. "Divide into three" ni kugawa mafungu matatu. "Translate into Swahili" ni kufasiri kwa Kiswahili. Hata mtu anaposhawishiwa kufanya jambo Kiingereza huweza kutumia "into", na sisi twasema: walimshawishi mpaka akakubali.

Ipo tofauti nyingine inayofaa kuangaliwa. Mwingereza husema kuwa meza ni "made of wood", lakini karatasi ni "made from wood". Kihusishi cha kwanza huonyesha kuwa mti bado unaonekana katika meza. Cha pili huonyesha kuwa mti umekwisha kubadilika, haujulikani tena. Kiswahili huionyesha tofauti hiyo kwa njia nyingine: meza ya mbao, lakini karatasi iliyotengenezwa kutokana na miti. Mwalimu wa sayansi anayeandika "karatasi ya mti" amefuta somo lote la kiwandani kwa neno moja.

Hapa hatuna budi kutoa hadhari moja. Mpaka baina ya hali mpya na kitu kipya haukuwekwa na maumbile peke yake. Kila lugha huuweka inapopenda. Kwa Mwingereza kinachoota shambani, kinachouzwa dukani na kinachopakuliwa sahanini chote ni "rice". Kimekobolewa, kimepikwa, lakini jina lake ni lilelile. Kwetu sisi mpunga ukikobolewa huwa mchele, na mchele ukipikwa huwa wali. Vivyo hivyo, dafu, koroma na nazi kwa Kiingereza ni "coconut" tu, na sifa huongezwa ikihitajika. Kwa hiyo mfasiri wa kijitabu cha kilimo au cha lishe asingoje kuona "into" ndipo atambue kuwa kitu kimegeuka. Kiingereza huweza kunyamaza pale ambapo Kiswahili kinadai jina jipya. Na anayeandika kuwa mkulima apande wali atachekwa hata na mtoto mdogo.

Nani aliyebadili?

Swali la pili ndilo lenye uzito mkubwa kwa watumishi wa Serikali na kwa wote wanaofasiri maagizo.

Vitenzi vingi vya Kiingereza vina umbo moja tu, liwe badiliko limetokea lenyewe au limefanywa na mtu. "Melt" ni kuyeyuka na pia ni kuyeyusha. "Boil" ni kuchemka na kuchemsha. "Dry" ni kukauka na kukausha. "Burn" ni kuungua na kuunguza. "Freeze" ni kuganda na kugandisha. "Change" ni kubadilika na kubadilisha. Hata vitenzi vilivyoundwa kutokana na sifa kwa kiambishi -en, kama "harden" na "soften", vina tabia hiyohiyo. Msomaji wa Kiingereza hutambua maana kwa kutazama kama kitenzi kinafuatwa na kitu kinachotendewa. Kiswahili hakiruhusu kunyamaza kwa namna hiyo: ni lazima tuchague.

Tutazame agizo linaloandikwa juu ya maboksi ya baadhi ya dawa za chanjo: "Do not freeze." Baadhi ya chanjo huharibika kabisa zikiganda. Mfasiri wa haraka ataandika "Usigandishe." Mhudumu wa zahanati atalisoma na kuona kuwa halimhusu, kwa kuwa hana nia ya kugandisha chochote, ataiweka chanjo ndani ya jokofu, karibu na sehemu ya barafu, na asubuhi ataikuta imeganda yenyewe. Hakuvunja agizo kama lilivyoandikwa, lakini dawa imeharibika. Agizo linalolinda dawa ni "Usiache igande." Kiingereza kilikuwa na maana zote mbili katika neno moja, mfasiri alitoa moja, nayo haikuwa ile iliyo muhimu.

Kinyume chake pia hutokea. "The house was turned into a school" si "nyumba iligeuka shule", kwani nyumba haijigeuzi. Ni "nyumba iligeuzwa shule" au "ilifanywa shule". Mfasiri anayeandika "iligeuka" amemficha mtendaji ambaye Kiingereza, kwa kauli yake ya kutendwa, kilikiri kuwa yupo. Katika habari za ardhi, bei na kodi, raia ana haki ya kujua kama jambo limetokea au limefanywa. "Bei zimebadilika" na "bei zimebadilishwa" si habari moja.

Neno "kugeuka" lenyewe lina hadhari yake likitumiwa kwa watu. Mtu aliyegeuka, katika masikio ya wengi, ni mtu aliyewaacha wenzake. Na kigeugeu si sifa njema. Kwa hiyo mwalimu aliyeingia siasa asiandikwe kuwa "aligeuka mwanasiasa", isipokuwa mwandishi wa asili alikusudia lawama. Na ajihadhari mfasiri na "turn out", maana hapo hakuna badiliko lolote. Mtu anayesemwa kuwa "turned out to be a thief" hakugeuka mwizi. Alikuwa mwizi tangu mwanzo, nasi ndio tuliochelewa kujua. Kiswahili husema: ilibainika kuwa ni mwizi; au kwa lugha ya mazungumzo, kumbe alikuwa mwizi.

Kitenzi "kuwa" na mtego wake

Tumefika kwenye swali la tatu. Kiingereza kina "be" kwa hali iliyopo na "become" kwa badiliko linaloleta hali hiyo. Kiswahili hutumia "kuwa" kwa yote mawili, na kazi ya kutenganisha maana hufanywa na viambishi vya wakati. "Alikuwa mwalimu" ni hali. "Akawa mwalimu" ni badiliko. "Amekuwa mwalimu" huweza kuwa badiliko, lakini tukiongeza "kwa miaka kumi" huwa ni hali. Kwa badiliko la polepole tuna "alikuja kuwa", umbo zuri sana ambalo wafasiri hulisahau. Mathalani, Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilikuja kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na mwaka 2009 Taasisi hiyo iliunganishwa na Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Katika sentensi hiyo moja mna badiliko la polepole, badiliko lililofanywa, na tokeo lake; na kila moja lina umbo lake.

Mtego uko katika wakati ujao. "Atakuwa" haituambii kama ni hali au badiliko. Tuseme katiba ya chama cha ushirika yasema: "Any person who becomes a member after 1 January shall pay an entrance fee." Tukiandika "Mtu yeyote atakayekuwa mwanachama baada ya tarehe 1 Januari atalipa kiingilio," mwanachama wa zamani anaweza kuambiwa kuwa naye alipe, kwani baada ya tarehe hiyo naye atakuwa mwanachama. Ugomvi huo hautakuwa wa mhasibu wala wa mwanachama. Ni wa mfasiri. Dawa yake ni kuacha "kuwa" na kutumia kitenzi cha badiliko: atakayejiunga, atakayeingia uanachama, atakayepata uraia, atakayeshika madaraka. Na kinyume cha badiliko hilo kielezwe vilevile bila kificho: uanachama wake utakoma.

Upande mwingine, Kiswahili hutumia badiliko lililokwisha mahali ambapo Kiingereza hutumia hali. Ndizi zimeiva, mtu amechoka, tangi limejaa: Mwingereza husema tu kuwa ndizi ni mbivu, mtu ni mchovu, tangi ni tele. Kwa hiyo maagizo ya mitambo yahitaji uangalifu. "Tangi likijaa, funga bomba" ni agizo la wakati ule tangi linapojaa. "Tangi likiwa limejaa, usifungue bomba" ni agizo la wakati wote tangi lilivyo katika hali hiyo. La kwanza latoka kwa "becomes full". La pili kwa "is full".

Faida kwa uundaji wa istilahi

Hayo tuliyoyaeleza yana faida hata kwa wanaounda istilahi. Majina ya Kiingereza kama "melting" na "change" hayaonyeshi kama kuna mtendaji. Kiswahili kinaweza kutupatia maneno mawili mahali pa moja: uyeyukaji na uyeyushaji, ukaukaji na ukaushaji, ubadilikaji na ubadilishaji. Tusiichukulie hiyo kuwa ni hasara ya wingi wa maneno. Ni usahihi ambao mwanafunzi wa sayansi atautumia maabarani.

Vilevile, kiambishi -isha kikitiwa kwenye jina au sifa huweza kubeba sentensi nzima ya Kiingereza. Mabenki yalipochukuliwa na Serikali mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, hatukulazimika kusema kuwa yaligeuzwa kuwa mali ya taifa; tulisema kuwa yalitaifishwa. Na mambo yalipogeuka katika miaka ya 1990, njia ileile ilitupa kubinafsisha. Maneno haya yalienea upesi kwa sababu yanajibu maswali yote matatu kwa mara moja: kitu kimepata hali mpya, yuko aliyefanya, na badiliko ndilo linaloelezwa.

Tunamaliza kwa ombi. Mfasiri asiulize tu "neno hili kwa Kiswahili ni nini?" Aulize kwanza: kimebaki au kimekoma, kimebadilika au kimebadilishwa, kinakuwa au kimekwisha kuwa? Akipata majibu, kitenzi cha Kiswahili kitakuja chenyewe, na mara nyingi kitakuwa kimoja tu. Wenye mifano ya sentensi zilizowashinda, hasa kutoka katika sheria, maagizo ya dawa na vitabu vya shule, watuletee ili tuijadili pamoja. Tafsiri ikishatiwa muhuri na kusambazwa, kuirudisha ni kazi kubwa. Na maji yakimwagika hayazoleki.